Madebe Matatu ya Mkandaji

Kwa miaka yote niliyomjua Mkandaji, sikupata kumwona akimaliza kikombe cha chai amekaa kitako. Chai aliinywa akitembea. Fundo la kwanza jikoni, la pili mlangoni kwangu akiniuliza kwa nini sijaanika nguo, kisha kikombe ungekikuta juu ya ukuta wa ua, nusu, nzi ndani. Mimi ndiye niliyeviosha vikombe hivyo, huku nikinung'unika, kwa hiyo nina haki ya kuvitaja.

Tulimwita Mkandaji kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya, kukanda wazazi, wanawake waliotoka kujifungua. Jina alikuwa nalo na nalijua, lakini nikiliandika hapa atakuwa mtu mwingine. Habari za nani kamzaa nani nawaachia wenyewe Unguja. Mimi nilimkuta Dubai akiwa tayari mtu mzima, mfupi, mwembamba, mwenye buibui lililolika pindo kwa kuburuzwa njiani.

Tulikaa ua mmoja, Al Twar, nyuma ya jumba la zamani ambalo mwenye nyumba alikuwa amelikatakata vyumba akavipangisha. Chumba chetu, mimi na mume wangu, kilitazamana na chake. Mume wangu alikuwa karani wa mizigo Deira, anatoka asubuhi na mapema. Mimi niliuza mabuibui hukohuko Deira mpaka mimba iliponishinda kusimama. Katikati ya ua palikuwa na mwarobaini mmoja, bomba la maji, na mtunza bustani, mzee wa Kipakistani aliyekaa kibandani karibu na geti na kumwagilia kila kitu kwa mpira mrefu wa kijani. Mkandaji alimpa sahani ya pilau kila Ijumaa. Mzee alimrudishia sahani imeoshwa, ndani ameweka ndimu mbili au majani ya mnanaa.

Kwetu pwani mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, tumbo linafungwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga, na mama yake yupo anamwamuru kula. Dubai mama hayupo. Mama yuko Mombasa au Tanga anatuma sauti kwenye simu, umekula, umelala, mtoto ananyonya? Mtoto ana siku tatu na baba yake amesharudi kazini. Mlango kama huo ndio Mkandaji aliougonga, na hakungoja kufunguliwa mara mbili.

Alikuwa kiguu na njia hasa. Asubuhi yuko Qusais, adhuhuri Al Mankhool, alasiri ameshavuka Deira. Metro ya mstari wa kijani ilikuwa ngeni bado, naye aliipenda kwa sababu haimngoji mtu, ila alisimama njia nzima hata gari likiwa tupu. Lifti alikuwa haziingii. "Lifti ni kabati," alikuwa akisema, "na mie si nguo." Basi anapanda ghorofa saba kwa miguu na mkoba wake wa kinu, mchi, ubani na chupa za mafuta, na akifika juu anamgombeza mzazi kwa kukaa juu.

Mkoba huo ulitangulia kunuka kabla yeye hajafika. Mwanzoni sikujua ni harufu ya nini. Kulikuwa na karafuu na habasoda, hizo nilizijua tangu kwa nyanya yangu, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kafuri kidogo, pilipili kidogo, na udongo uliotoka kunyeshewa. Katika mji ambao mvua inanyesha siku za kuhesabu, harufu ile ilinifanya nitoke nje kutazama mbingu.

"Kenchuri hiyo," aliniambia. "Usiniulize Kiswahili chake, sina. Nimepewa na mwenyewe kwa jina lake."

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kijava aliyefanya kazi saluni moja Al Mankhool. Walikutana kwa mzazi mmoja, kila mmoja ameitwa na jamaa tofauti, na wakakuta wote wawili wana kitambaa cha kufungia tumbo mkononi. Mkandaji alipenda kunisimulia ugomvi wao wa siku ile. Mjava anafunga kutoka chini kwenda juu, Mkandaji anafunga kwa namna yake, na lugha waliyogombania ni kile Kiarabu cha sokoni ambacho sote tunakivunja. Mzazi kalala katikati anawatazama. Mwisho walifunga pamoja, wakawa mashoga miaka sita.

Mjava ndiye aliyemfundisha kuroweka mchele, kuutwanga na vidole vya kenchuri, yaani mizizi yake minene kama ya tangawizi, mpaka upatikane uji mzito mweupe wa kumpaka mzazi mapajani na kiunoni, na mwingine mwepesi wa kunywa, wenye ukwaju na sukari guru. Alipokuwa akirudi kwao moja kwa moja alimwachia vidole vitatu vibichi vilivyofungwa kwenye karatasi ya chooni. Mkandaji alivipanda kwenye madebe matatu ya samli, akayafunga kila moja kitambaa cha kanga nyekundu shingoni ili watu wajue yana mwenyewe. Mjava alifariki mwaka uliofuata, huko kwao. Habari ilikuja kwa simu. Mkandaji alikwenda akakanda wazazi wawili siku hiyohiyo, na jioni nilimkuta amesimama mbele ya madebe, mikono nyuma.

Sijui kama kenchuri inatibu yote aliyosema inatibu. Kikavu chake kiliuzwa hata kwenye maduka ya Wahindi, naye alikipuuza, akasema kimekufa. Madebe yake yalikuwa na maajabu yake. Majani hayasimami kama ya tangawizi, yanalala juu ya udongo, mapana, mawili au matatu, kama chapati zilizomponyoka mtu mkononi. Baadaye ua jeupe dogo lenye doa la zambarau, linafunguka asubuhi na mchana limeshakunjika. Kisha baridi ya Dubai ikiingia, majani yanakuwa manjano, yananyauka, yanatoweka. Linabaki debe la udongo mkavu ambalo ungelitupa bila kufikiri.

Na hapo ndipo nilipokuwa simwelewi. Mwanamke huyu asiyeweza kungoja maji yachemke, anayefungua sufuria mara kumi, anayegonga mlango wa choo ukiwa ndani akuulize umekwisha, aliweza kuyaacha madebe yale miezi mitatu bila kuyagusa. Hakuchokoa udongo. Hakutia tone. Kidole kimelala mle, alisema, na kinabaki kitamu vilevile mpaka siku ya kukichimba, maadamu hakuna mwenye kiherehere cha kukiamsha.

Mengine yake nayo hayakupatana. Madaktari aliwasema vibaya kutwa, na vidonge vyake vya presha alivificha kwenye bati la halua nisivione. Lakini siku moja tulikwenda pamoja kwa mzazi Mkenya wa bara, askari wa hoteli, ambaye wenzake wa chumbani walimtafutia Mkandaji kwa sababu walisikia sifa zake. Alimshika mguu, akauona umevimba, akamnusa usoni, akafunga mkoba.

"Huyu si wangu. Huyu wa hospitali. Yalla, gari!"

"Mum, si umkande tu kidogo? Yeye ni Mkristo, lakini hatujali," mmoja akasema.

"Nani kauliza dini? Tumbo lina dini? Nimesema gari!"

Alikaa naye hospitali mpaka madaktari waliposema walimpata kwa wakati. Njiani kurudi alilalamika juu ya foleni tu.

Maneno yake mengine ninayo mpaka leo. Ukimwambia umechoka alisema, "Choka kesho." Ukimsifu alisema, "Haya, khalas, nipishe." Mtu akimkosea hakugombana mara mbili. Aligombana mara moja, kwa sauti ya kusikika mpaka geti la pili, kisha akamfuta. Alipita mbele yako kama anapita ukutani. Nilimwona akimfuta mwanamke mmoja wa Tanga kwa sababu ya uongo mdogo, na mwanamke yule aliishia kuhama. Niliogopa sana kufutwa.

Mwaka wa mimba yangu ya kwanza, mama yangu alinyimwa viza. Nililia siku mbili. Siku ya tatu Mkandaji aliingia bila hodi, akaniinua kidevu.

"Unalilia nini, mie nimekufa? Yale madebe matatu simpi mtu tena. Yako hayo. Arobaini yako utakandwa kwa kenchuri mpaka mamako huko Mombasa ainuse."

Basi nikaanza kuishi kwa ahadi ile. Nilikuwa nijifungue mwezi wa pili. Desemba dada yake akaugua Unguja, ikabidi aende wiki sita. Asubuhi ya safari mkoba uko begani, teksi inapiga honi, akanishika mkono mpaka kwenye madebe.

"Yatakauka. Yaache makavu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

Akamgeukia mtunza bustani, akamwonyesha madebe kwa kidole, akamwambia kwa kile Kiarabu chetu, "Shita, mafi moya!" Yaani wakati wa baridi, hakuna maji. Mzee aliweka mkono kifuani, akarudia, "Shita, mafi moya, mama."

Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia, na mimba ilinizidishia. Kutwa niko peke yangu uani. Nilipanga nguo za mtoto, nikazipangua. Nilisogeza kitanda. Nilitazama madebe. Majani yalikuwa manjano, kisha hayakuwapo, na udongo ukaanza kupasuka pembeni. Nilijua alichosema. Lakini kila nikiona ule mpasuko roho ilinienda mbio. Nilijiambia yeye yuko mbali, hajui mwaka huu jua lilivyo, akirudi akute yamekufa nitakandwa kwa kitu gani? Nilianza na kikombe kimoja cha maji, nusu. Kesho yake kimoja kizima. Ikawa kila asubuhi, na kila nikimwagilia nilihisi nafuu, mpaka asubuhi nyingine.

Mtunza bustani aliniona. Alikuwa na mpira wake chini ya mwarobaini, akatikisa kichwa.

"Mafi, sister. Mama kalam, mafi moya." Alikuwa akinikumbusha kwamba mama alisema hakuna maji.

Nilimpungia mkono aende zake. Atajua nini huyu, nilijisemea, na kikombe kikiwa mkononi.

Mkandaji alirudi, mtoto wangu wa kike akazaliwa siku tano baadaye. Siku ya kwanza ya kukandwa nilikuwa kitandani, dirisha wazi, nikamsikia anaburuza debe la kwanza. Kisha la pili, kisha la tatu kwa haraka. Harufu iliyoingia dirishani haikuwa ile niliyoijua, ilikuwa ya kitu kilichooza. Alisimama mlangoni, mikono myeusi kwa tope.

"Nani katia maji?"

Nilikuwa nimempakata mtoto. Mama yangu hayuko, tumbo langu liko wazi, na mwanamke huyu ndiye pekee aliyekuwa na mikono ya kunisimamisha. Nilimtazama mtoto usoni, nikainua mabega.

Hakuuliza tena. Alitoka, na nikasikia sauti ya mara moja, ile ya kusikika geti la pili. Shita! Sikukwambia shita? Mzee alisema, "Ana mafi, mama. Ana mafi," yaani si mimi. Nilichungulia. Alikuwa ameinua viganja vyote viwili, na macho yake yakaja dirishani kwangu. Yalikaa pale kidogo tu, kisha akayashusha. Mkandaji alimwaga madebe yote matatu miguuni pa mzee, tope, vidole vilivyooza na vyote, akayaacha madebe matupu pale ukutani, akaingia ndani kunikanda.

Alinikanda siku arobaini kwa tangawizi na habasoda, bila kukosa hata moja. Sijawahi kushikwa na mikono mizuri kama ile, na sikuweza kumtazama.

Sahani ya Ijumaa ilikwisha. Kila asubuhi Mkandaji alipotoka, mzee alizima maji ili asimlowanishe, akasema, "Salaam aleikum, mama." Naye alipita. Mzee hakukasirika, au hakuonyesha. Kesho yake tena, "Salaam aleikum, mama." Salamu ile nilikuwa nikiisikia dirishani huku nimemshika mwanangu. Nilipanga kusema baada ya arobaini. Arobaini ikapita nikasema Ramadhani ikifika. Hata mume wangu sikumwambia. Mwaka na kitu baadaye mwenye jumba alitutoa wote afanye matengenezo, kila mtu akaenda kwake, na nilishukuru kuhama. Hilo naliandika kwa aibu.

Mara ya mwisho nilimwona Deira, kwa mpwa wake. Ulikuwa mwezi wa tano, joto limeanza kuuma, na mwanangu alikuwa ameshaingia chekechea. Nilipata habari kwamba Mkandaji anarudi Unguja wiki ile, harudi tena. Nilikwenda kumuaga.

Alikuwa amekaa. Hilo lilinitisha kuliko nywele zake nyeupe. Amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, chai mkononi, vidole vimekakamaa hata kikombe anakishika kwa viganja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mtoto anakula?"

Tulizungumza ya kuzungumza. Kisha akaweka kikombe, akafanya vile wafanyavyo watu wetu wakiachana kwa safari ndefu.

"Basi mwanangu, nisamehe. Miaka ile nilikukaripia sana. Mie mdomo wangu unaujua. Kama nilikukosea, niwie radhi."

Yeye ananiomba mimi radhi. Nilitaka kusema hakuna kitu, Bi Mkubwa, nami nisamehe, tukumbatiane, niende zangu. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Yale madebe," nikasema. "Maji nilitia mimi."

"Madebe gani?"

"Ya kenchuri. Ulipokwenda Unguja."

Alinitazama. Nilimwona akirudi nyuma mwaka mmoja mmoja mpaka akafika.

"Si yule mzee?"

"Si yeye. Yeye alinikataza. Nikamfukuza."

"Alikukataza," alisema polepole. Kisha akainuka. Chai ikamwagika na hakuitazama. Alivaa kiatu kimoja chake na kimoja cha mpwa wake. "Yalla. Twende."

"Wapi, Bi Mkubwa?"

"Al Twar! Unaniuliza wapi?"

Kwenye teksi nilikuwa nalia, akanipiga goti.

"Acha kulia. Wewe nimekusamehe, umekwisha. Nani kakwambia nakuwaza wewe? Mie n'na haki ya mtu shingoni. Yule baba kila siku ya Mungu salamu, na mie nimeinua pua. Salamu inajibiwa, mwanangu. Hata ya adui inajibiwa." Aliligonga dirisha la teksi kama ndilo linalomchelewesha.

Jumba lilikuwa limepakwa rangi upya na geti jipya. Kibandani alitoka mlinzi mwenye masharubu mekundu ya hina. Mkandaji akamuuliza habari za mtunza bustani wa zamani, kwa Kiarabu chake kilekile, akionyesha kimo chake na ndevu zake. Mlinzi akaashiria mbali. Amekwenda kwao, kijijini, karibu mwaka sasa. Simu? Hana. Jina la kijiji? Aliinua mabega.

Mkandaji alibaki ameshika chuma cha geti. Mlinzi akamtazama, akamtazama tena, kisha akauliza, "Inti mama kabir?" Wewe ndiye yule mama mkubwa?

Alituongoza mpaka chini ya mwarobaini. Kwenye kivuli, mbali kidogo na pale mpira wa maji unapofika, palikuwa na debe moja la samli lenye kitambaa chekundu kilichopauka shingoni. Majani mapana yamelala juu ya udongo, manne, mabichi kabisa. Kumbe mzee alikuwa ameokota kwenye tope lile alilomwagiwa kidole kimoja kilichosalia kizima.

"Hadha mal mama kabir," mlinzi alisema, hili ni la mama mkubwa. Mzee alimwachia neno hilo kabla ya kuondoka, kwamba mama atakuja kulichukua. Na neno jingine pia, ambalo mlinzi alilitamka kwa uangalifu, kidole juu, kama mtu aliyefundishwa asikosee. "Shita, mafi moya."

Mkandaji aliinama kwa taabu. Alikata kipande kidogo cha jani, akakinusa, akanipa nami nikanusa. Nilidhani atanipa debe lile, na nikanyoosha mikono.

"Liache," alisema. "Si langu hilo, wala si lako."

Alinyooka, akapangusa vidole kwenye buibui. Kisha akageukia upande wa bomba, ambako mpira wa kijani ulikuwa umeviringishwa na hapakuwa na mtu, akasimama wima, ametulia.

"Waalaikumu salaam, baba," alisema.

Mlinzi alinitazama apate kujua nani amesalimia. Mimi nilitazama chini.